Dobi Aliyekata Maji

Haya yote ni kweli, tangu herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Kama kuna uongo humu basi umeingia wenyewe nilipoinuka kwenda kuchemsha chai, na mimi siwezi kushtakiwa kwa kosa la mlango. Waliokuwapo wapo. Mmoja anapiga pasi mtaa wa pili kutoka hapa, mwingine anapuliza filimbi kila asubuhi isipokuwa siku ya kusafisha bwawa. Waulizeni, mkiwakuta na nafasi.

Jumanne hiyo asubuhi Dobi alikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo cha bwawa la kuogelea la manispaa, akivaa. Wenzake wote walikuwa wakivua. Mwalimu mstaafu wa hesabu alikuwa akikunja suruali yake taratibu, mstari wa pasi juu ya mstari wa pasi, na Dobi alikuwa akifunga shati la pili juu ya la kwanza. La kwanza lilikuwa la mwenye duka la dawa, la pili la mlinzi wa benki. Juu ya hayo akavaa blauzi ya muuguzi, ambayo ilimbana makwapani, na juu ya blauzi koti la suti ya kijivu lenye mabega mapana. Suruali alizovaa zilikuwa za watu wawili wasiosalimiana. Akamimina sabuni ya unga katika kila mfuko, akaipigapiga ikae vizuri.

"Leo mzigo mdogo," Mwalimu akasema.

"Mwezi mchanga," Dobi akajibu. "Watu hawajachafuka."

Alianza kuogelea kwa sababu ya bomba. Bomba la mtaa wao lilikuwa limekauka tangu msimu wa mvua uliopita. Idara ya Maji ilisema maji yamekatika na yatarudi, na mtaa ukayasubiri kama unavyomsubiri jamaa aliyesema anafika dukani mara moja. Baadaye wakaja watu wa Idara wakang'oa mita katika kila ukuta, wakasema zinakwenda kutengenezwa. Waliacha matundu. Bili hazikuacha kuja. Hizo hazikuhitaji bomba.

Duka la dobi alilirithi kwa mama yake. Lilikuwa na karo tatu za saruji, waya wa kuanikia, na meza ya kupigia pasi yenye alama nyeusi ya pasi katikati, ambayo mama aliiacha hapo siku aliyoshikwa na uchungu wa kumzaa yeye. Wateja wapya walidhani ni nembo ya duka. Bila maji karo zikageuka kuwa mahali pa paka kulala. Wateja wakaanza kupitisha vifurushi vyao mbele ya mlango wakiangalia upande wa pili wa barabara, wakielekea kwenye mashine mpya kule sokoni.

Dobi akakata shauri. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayeyavalia.

Akanunua tiketi kama mwogeleaji yeyote na akapata utaratibu wake. Kuloweka alifanya kwenye kina kifupi, kwa kutembea polepole akiwa amezama hadi shingoni. Kufikicha alifanya kwa mtindo wa chura, ambao ni mzuri sana kwa makwapa na kola. Nguo nzito za suti na magwanda alizipeleka kwa mtindo wa kipepeo. Kusuuza ni kulala chali na kuacha maji yafanye kazi. Dawa inayotiwa bwawani kuua vijidudu ilizing'arisha kola kuliko wakati wa mama yake, na wateja kadhaa wakarudi, wakasema sasa Dobi ameamka.

Tatizo lilikuwa uzito. Siku moja alivaa blanketi la nyumba ya wageni, akalifunga kwa mkanda, na blanketi likanywa maji mpaka likashiba, likamvuta chini kama anayedaiwa. Mwokoaji wa bwawa alimtoa kwa mti mrefu wenye kulabu. Tangu siku hiyo Dobi hakuingia majini bila kijikisu chake cha mfukoni, kile cha kukunja, alichokifunga kwenye kifundo cha mkono kwa kamba ya kiatu. Nguo ikizidi uzito, alikifungua, akakata kifungo kimoja au viwili, akachomoka ndani ya nguo kama ndizi, akapanda juu kuvuta pumzi, kisha akazamia kuifuata nguo.

Vifungo vilirudishwa jioni na mkewe, ambaye ni fundi cherehani na alikuwa na cherehani yake pale pale dukani, upande wa dirisha.

"Leo vingapi?"

"Viwili tu."

"Viwili tu. Kama vile vinaota uani. Hivi wewe, baba watoto, kwa nini usifungue kifungo kama watu wengine?"

"Chini ya maji vidole havisikii."

"Hata nchi kavu havisikii. Mimi nimeolewa na vidole hivyo, navijua."

Mkewe hakuwa mtu wa kulalamika bure. Walikuwa na makubaliano yaliyomkaa Dobi kooni: maji yasiporudi mpaka mwisho wa mwezi ule, duka lifungwe, na yeye aende kufanya kazi kwa shemeji yake, kaka wa mke, anayeuza magodoro. Shemeji alikuwa ameshamwekea nafasi. Kazi yenyewe ilikuwa kulala juu ya godoro kwenye dirisha la duka, kutwa, huku akitabasamu, ili wapita njia waone raha. Sare ingekuwa pajama. Dobi, ambaye mama yake alipiga pasi akiwa amesimama hadi dakika ya uchungu, alikuwa akiliwaza lile dirisha kila akifumba macho.

Langoni pa bwawa palikuwa na tangazo: HAKUNA KUKIMBIA. HAKUNA KUTEMA MATE. HAKUNA KUINGIA NA KISU, MKASI, WEMBE WALA KITU CHOCHOTE CHENYE MAKALI. Kuhusu suti halikusema kitu. Mwokoaji, ambaye watu walimwita Filimbi kwa sababu alizungumza kwa filimbi tu, alikijua kile kisu tangu mwanzo. Alipiga hesabu akaona ni kheri vifungo vya watu vikatike kuliko yeye kulowa kila Jumanne, basi akawa anaangalia angani Dobi anapopita. Filimbi fupi ilikuwa habari za asubuhi. Mbili zilikuwa usikimbie. Ndefu ilikuwa kisu, lakini hiyo hakuwa amewahi kuipuliza.

Ile suti ya kijivu, sasa. Ilikuwa ya Meneja wa bwawa mwenyewe. Aliileta dukani jioni ya jana yake, akasema anaitaka kwa ajili ya mashindano ya shule Jumamosi, na Dobi akaona hakuna ubaya suti ikioshwa nyumbani kwake. Kitu ambacho hakukichunguza ni mabega. Mabega ya Meneja yalikuwa ya sponji.

Alipofika kina kirefu kwa mtindo wa kipepeo, sponji zikaanza kunywa. Ikanywa ya bega la kulia, ikanywa ya kushoto, na Dobi akaanza kwenda chini akiwa wima, kwa heshima, kama mtu anayeshuka ngazi za mahakama. Mfa maji haachi kutapatapa, naye akatapatapa kiasi. Akakifungua kisu kwa meno. Akalenga kifungo cha kati. Muuguzi akambana kwapani, mkono ukateleza, akakikosa kifungo na kukata maji.

Yalichanika kwa sauti ya kitambaa kipya dukani, muuzaji anapokiuma kwa mkasi kidogo kisha akakivuta. Mchano ukaanzia pale Dobi alipokuwa, ukaenda hadi chini ya ubao wa kurukia, kisha ukarudi hadi kwenye ngazi za kina kifupi. Maji yakajitenga pande mbili, katikati pakabaki njia ya upana wa mlango. Kila upande ukasimama wima. Dobi akaanguka sakafuni, kwenye vigae, akakaa.

Waogeleaji waliendelea. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa akihesabu mizunguko yake, alitoa kichwa kwenye ukuta wa maji, akaangalia kulia, akaangalia kushoto kama anayevuka barabara, akatembea hatua mbili juu ya vigae na kuingia ukuta wa pili. Baadaye alidai kwamba hatua hizo zihesabiwe kama kuogelea, na hadi leo shauri hilo halijaisha.

Filimbi akapuliza ndefu.

Dobi hakuisikia. Alikuwa anaangalia mita. Zilikuwa zimepangwa chini ya bwawa kando ya bomba la kuingizia maji, moja baada ya nyingine, kama viatu mlangoni pa nyumba yenye wageni. Kila moja ilikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa nyumba ilikotoka. Ya mwenye duka la dawa ilikuwapo. Ya mlinzi ilikuwapo. Yake mwenyewe ilikuwa ya mwisho, na aliijua bila plasta, kwa sababu kioo chake kilikuwa na ufa pale mama yake alipokigonga kwa beseni. Zote zilikuwa zikizunguka. Akaiwekea sikio ile yake. Ilikuwa ikinguruma kama paka aliyeshiba.

Hakukasirika papo hapo. Alihisi vile anavyohisi mtu akimkuta mbuzi wake aliyepotea uani kwa jirani, amefungwa vizuri, amenenepa.

Filimbi akashuka kwa ngazi ya chuma, akasimama mbele yake na kutoa filimbi mdomoni. Kumbe alikuwa na sauti nyembamba.

"Dobi."

"Naam."

"Kisu."

"Umeziona hizi mita?"

"Nimekiona kisu. Mita hazimo kwenye tangazo."

Meneja akaitwa. Akaja na kikombe chake cha chai, akasimama ukingoni. Akautazama mchano, akazitazama mita, kisha akamtazama Dobi kwa muda mrefu zaidi.

"Hiyo si suti yangu?"

"Ndiyo, mkubwa. Iko kwenye kusuuzwa."

"Hiyo suti haifuliwi kwa maji. Inasafishwa kwa dawa."

"Maji haya yana dawa."

Meneja akanywa chai kidogo.

"Hii hapa ni mita yangu," Dobi akasema.

"Iko kwenye matengenezo."

"Inazunguka, mkubwa."

"Unaona? Matengenezo yanakwenda vizuri."

Kilichomsumbua Meneja kilikuwa Jumamosi. Shule zote zingeleta waogeleaji wao, na mtu hawezi kushindana akifika katikati anatembea. Akapiga simu Idara ya Maji palepale, kila mtu akisikia.

"Hapa bwawani," akasema. "Maji yamekatika."

"Tunajua, mkubwa," sauti ikajibu. "Mtaa wote huo. Yatarudi jioni."

"Siyo ya bombani. Ya bwawani. Yamekatika katikati."

"Katikati ya mwezi ni kawaida."

"Yamekatwa kwa kisu."

Kisha sauti ikauliza polepole, "Unataka kusema kuna mtu amekata maji, na si mtu wetu?"

"Ndiyo hivyo."

"Hilo sasa ni kosa. Tunatuma mtu."

Akatumwa Mtu wa Kukata Maji. Mtaani walimjua kwa baiskeli yake na spana yake ndefu. Akitokea kwenye kona, watu walizima redio na kujifanya hawapo. Alishuka ndani ya mchano, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa maji, juu mpaka chini, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine na hataki kusifu.

"Nani kakata hapa?"

"Mimi," Dobi akasema.

"Umesomea wapi?"

"Sijasomea. Nilikuwa nalenga kifungo."

"Mkono unao," Mtu wa Kukata Maji akasema. "Ila kuna pahali umeharibu. Sisi tukikata maji, hakuna anayeona yalikokwenda. Wewe umekata, kila mtu anaona. Hiyo si kazi ya kitaalamu."

"Basi yarudishe," Meneja akasema.

"Mimi nakata tu, mkubwa. Kurudisha ni ofisi nyingine, na bado hawajaifungua."

Habari ilikuwa imeshafika mtaani. Adhuhuri watu walikuwa wakipita ndani ya mchano kwa foleni, na miavuli, maana kuta zilidondosha matone. Kila familia ilisimama mbele ya mita yake. Bibi mmoja aliisalimia ya kwake, akaiuliza kwa nini imekonda. Mlinzi wa benki akachuchumaa akajaribu kuilegeza yake kwa mkono. Mtu wa Kukata Maji akamkumbusha kwamba kuchezea mita ni kosa, na adhabu yake ni kukatiwa maji.

"Yalishakatwa," Dobi akasema.

"Basi atakatiwa tena. Ziko nyumba zimekatiwa mara tatu na wanaishi."

Mlinzi akainuka, akajipangusa magoti.

Meneja akauliza kama kuna mtu anayeweza kushona kitu kipana. Wote waligeuka wakamtazama mke wa Dobi, aliyekuwa amefika na mwavuli wake, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Naye akausogelea ukuta wa maji, akaushika kati ya kidole gumba na cha shahada, akausugua.

"Huku kwenye kina kifupi ni laini, kama shifoni," akasema. "Kule mbele ni jinzi. Nitataka sindano mbili, na ile kubwa ya kushonea maturubai."

"Lakini unaweza?" Meneja akauliza.

"Nimeshona suruali za huyu bwana tangu tuoane. Maji hayawezi kunishinda."

"Jumamosi iwe tayari."

"Leo leo itakuwa tayari. Ila mkubwa, tusikilizane kwanza." Alikunja mwavuli. Hata Mwalimu alitoa kichwa majini na kukiacha nje. "Nikishona, maji yarudi."

"Yatarudi," Meneja akasema.

"Mbele ya watu wote hawa."

"Mbele ya watu wote hawa. Neno langu ni moja."

Dobi akasikia kitu kikimshuka kifuani, kama mzigo wa nguo mbichi ukitua mezani. Aliziona karo zote tatu zimejaa hadi ukingoni. Aliliona lile godoro dirishani na mtu mwingine juu yake, akitabasamu.

Wakaanza kazi. Mkewe alishona, yeye akashika kingo mbili za maji na kuzikutanisha, kama alivyozoea na mama yake kwenye mashuka, huyu ncha hii na huyu ncha ile, wakisogeleana. Kwanza fundi akapiga bandi ya kushikiza tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, ili maji yasikimbie. Kisha akauliza kama Meneja anataka mshono wa wazi au wa kuficha.

"Wa kuficha."

"Nilijua."

Mahali pa mita alisimama. Alisema hawezi kuzishonea ndani moja kwa moja kama bitana, maana karibuni zitatolewa zirudi makwao. Akatia zipu, ndefu ya kutosha. Meneja akaipenda. Alasiri akafikia chini ya ubao wa kurukia, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, kwa sababu kisu kilikuwa kwa Filimbi. Bwawa likawa zima. Ungeangalia sana ndipo ungeona mstari mwembamba, kama wa suruali iliyopigwa pasi na mtu anayejua.

Watu wakapiga makofi kidogo. Mkewe akachomeka sindano kwenye kola yake.

"Haya, mkubwa. Maji."

Meneja akanyoosha mkono kuelekea bwawani. "Si hayo?"

"Maji, mkubwa. Tulisema yarudi."

"Yalikuwa yamekatika," Meneja akasema kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa saa za dawa. "Sasa hayajakatika. Yamerudi."

Wakamtazama Mtu wa Kukata Maji, ambaye ndiye alikuwa mtaalamu. Naye akafikiri, akasema kwamba kwa mujibu wa kazi hayo yanahesabika kuwa ni maji kurudi, na kwa kweli katika maisha yake yote Idarani hajawahi kuona yakirudi siku ileile.

"Nilikuwa nasema ya bombani," mke wa Dobi akasema.

"Hukusema bombani, mama. Ulisema maji."

Akayarudia maneno yake moja moja, midomo ikitikisika. Nikishona, maji yarudi. Bomba halikuwamo. Watu wa mtaa nao wakayarudia, kila mmoja kwa nafsi yake, wakatafuta bomba, hawakuliona. Mlinzi wa benki akafungua mwavuli ingawa hakukuwa na matone tena. Wakaenda zao.

Dobi na mkewe walipofika dukani, mume alifungua bomba, ili mradi. Likapumua hewa, likanyamaza. Mkewe alikuwa amekaa mbele ya cherehani yake bila kushona.

"Niliona inatosha," akasema. "Nikisema maji, niliona inatosha."

"Kwa mtu ingetosha," Dobi akasema. Akaikung'uta suti ya Meneja, akaitandika juu ya alama nyeusi ya meza, akaanza kutafuta njia ya kurudisha mabega.

Jumamosi mashindano yalifanyika. Mshono ulishika vizuri; waogeleaji walisema walihisi kitu kama pindo la nguo ya ndani kikiwapita tumboni, basi. Rekodi zote za miaka iliyopita zilivunjwa. Mwalimu mstaafu alijaribu kueleza kwamba kitambaa chochote kikishonwa hupungua, na kwamba bwawa sasa ni fupi, lakini hakuna aliyetaka kumsikiliza mtu ambaye mwenyewe anadai hatua zake zihesabiwe. Meneja akakabidhiwa kombe akiwa ndani ya suti, bega moja juu kuliko lingine.

Mwisho wa kila mwezi Mtu wa Kukata Maji anakuja na miwani ya kuzamia. Anazama, anafungua zipu, anasoma mita, anafunga zipu. Zamani bili zilikuwa za kukadiria. Sasa zinafika sahihi hadi lita ya mwisho, na watu wa mtaa wamekiri kwamba huduma imeboreka.

Na kwa kuwa wameona maji yao yaliko, wanakwenda kuyatembelea. Kila asubuhi wapo langoni na tiketi zao, wamevaa nguo za wiki nzima, mwenye duka la dawa, muuguzi, mpaka yule bibi, ambaye huja na mapazia mabegani. Wote wana vijikisu, kwa ajili ya usalama, na Filimbi anavikusanya kwenye ndoo ya plastiki kabla hawajaingia, kwa sababu tangazo ni tangazo. Hivyo hawathubutu kwenda kina kirefu. Wanafulia kwenye kina kifupi, wakisukumana viwiko na kuombana sabuni.

Ndiyo maana Dobi akapoteza kufua na kubakiwa na pasi. Mwisho wa mwezi ulipofika shemeji alituma pajama, ya mistari. Mkewe akaipima kwa macho, akaifumua, akaigeuza mifuko ya kuwekea vibanio. Alikuwa ameshapata njia ya kuliweka duka wazi. Watu wanaosubiri nguo zao zipigwe pasi hukaa kwenye benchi na kuzungumza, na wanaozungumza huongopa. Akatoa amri: atakayeshikwa na uongo ndani ya duka hili analeta ndoo moja ya maji. Ndoo moja inafua mashati mawili na kubakiza ya kunyunyizia. Sasa karo ya kwanza haikauki. Kuna msimu wa likizo, vijana wakirudi kutoka mijini kueleza kazi zao, karo zote tatu zilifurika na paka wakahama.

Mimi ndiye mletaji mkubwa. Nasema bila kujivuna kwamba mashuka yote ya nyumba ya wageni yamefuliwa kwa jasho langu.

Juzi nilikuwa pale nasubiri shati, nikawasomea haya niliyoandika, kwa sababu niliona ni haki waliomo wasikie. Nilipofika penye kushona, fundi akatoa pini mdomoni.

"Babu, zipu gani?"

"Ile uliyotia kwenye mita."

"Maji hayatiwi zipu. Ingeshika kutu kabla ya Jumapili. Mimi nilitia kulabu za sidiria."

Nikamtazama Dobi. Alikuwa ameinamia kola. "Kulabu," akasema. "Nilizishika mimi. Yule bwana wa Idara kila mwezi zinamchukua asubuhi nzima, na bado hutoka analaumu giza."

Nikajitetea kwamba niliandika zipu kwa adabu, kwamba habari hii inaweza kusomwa na watoto na wakwe. Nikamwomba Mwalimu aniunge mkono, lakini alikuwa anahesabu mbao za dari. Fundi akanyoosha kidole penye ndoo.

Nikaichukua, nikaenda bwawani, nikakata tiketi. Langoni Filimbi akatoa filimbi mdomoni, jambo ambalo hulifanya kwa kazi tu.

"Una kisu, babu?"

"Sina," nikasema.

Akanipigapiga mfuko wa shati, akakitoa, akakitia pamoja na vingine, kisha akageuka kuelekea mtaani na kupuliza kwa nguvu zake zote, ndefu, ili dukani wasikie. Uongo huo nao ukahesabiwa, na ndoo ya pili nzito kuliko ya kwanza. Nimepumzika nayo mara nyingi njiani, na bado mkono huu wa kuandikia unatetemeka, kwa hiyo zipu nimeiacha ilivyo.